Je, minara ya mawe ndiyo inayolibeba Daraja la Bandari ya Sydney?

Mwalimu wa Ihumwa

Mbukwenyi, ndugu zangu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huku Ihumwa, na swali ninaloleta limeninyima utulivu tangu Jumanne. Siku hiyo nilikuwa nafundisha kidato cha pili mada ya nguvu na namna zinavyowiana, nikabandika ubaoni picha kubwa ya Daraja la Bandari ya Sydney, kule Australia: tao moja la chuma lililovuka maji kutoka ng'ambo hii ya mji hadi ng'ambo ile, mita 503 bila nguzo hata moja katikati. Katika kila mwisho wa tao imesimama minara miwili ya mawe, minene na mirefu, nami nikawaambia wanafunzi kwamba minara hiyo ndiyo inayolishikilia tao lisiporomoke.

Binti mmoja anayekaa nyuma aliomba ruhusa, akaja hadi ubaoni, akaweka kidole mahali tao linapofika chini. "Mwalimu," aliniuliza, "mbona chuma hakijauegemea mnara? Kimekwenda kuishia huku chini kabisa, miguuni pake." Niliiangalia ile picha kwa muda, na darasa zima likaniangalia mimi. Nilimwahidi kwamba nitafuatilia na kumletea jibu la uhakika, kwa sababu mwanafunzi aliyeona jambo kwa macho yake mwenyewe hastahili kujibiwa kwa kukisia.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi na wajuzi mnisaidie. Kwanza, ni kitu gani hasa kinacholibeba lile tao, na minara ile ina kazi gani? Pili, walilijengaje? Maji ya bandari ile yana kina kirefu na vyombo vilikuwa vikipita wakati wote wa ujenzi, hivyo hapakuwa na namna ya kusimamisha jukwaa kutoka majini. Nusu ya tao iliyokuwa ikining'inia hewani kabla ya kukutana na mwenzake ilikuwa imeshikwa na nini?

Mhandisi wa Iyumbu

Mwalimu, huyo binti ameona sawasawa, na ningependa umwambie hivyo mbele ya wenzake. Minara ile minne hailibebi tao hata kidogo. Kila mmoja una urefu wa mita 89, umejengwa kwa zege na kuvishwa graniti iliyochongwa Moruya, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Sydney, na yote iliwekwa kwa ajili ya macho ya watu, ili tao lionekane limekaa mahali imara pande zote mbili. Ukiibomoa minara yote hadi usawa wa barabara, tao litabaki pale pale.

Kinacholibeba tao ni mwamba. Ukishuka hadi karibu na maji utakuta kila ncha ya tao imekalia pini mbili kubwa za chuma cha pua, yaani pini nne kwa daraja zima, na kila pini ina urefu wa mita 4.2 na kipenyo cha milimita 368. Tao lenyewe lina uzito wa tani 39,000, na kila pini hupokea msukumo wa takriban tani 20,000. Hapa ndipo penye kiini cha swali lako, Mwalimu: msukumo huo hauendi chini wima kama mzigo uliobebwa kichwani, bali huenda mshazari, chini na nje kwa pamoja, kana kwamba tao linataka kuitanua miguu yake lilale bapa juu ya maji. Mwamba wa mchanga ulio chini ya Sydney unakataa kusogea, na kwa kuwa unakataa, vyuma vya tao vinabanana vyenyewe kwa vyenyewe na kusimama.

Mfano wa jambo hili tunao majumbani kwetu. Mtazame fundi anapopandisha kenchi. Mbao mbili za mshazari, zikishabebeshwa mabati, hutaka kuteleza kwenda nje na kuzisukuma kuta, na ndiyo maana fundi huufunga ubao wa mlalo kati ya miguu yake miwili. Tao la Sydney halina ubao huo. Kazi ya kuifunga miguu imeachiwa ardhi yenyewe, na mahali ambapo ardhi ni tope au mchanga mlegevu huwezi kuthubutu kujenga tao la aina ile.

Kuhusu pini, mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini tao halikuzikwa moja kwa moja ndani ya zege. Sababu kubwa ni joto. Sisi wa Dodoma tunalijua jambo hili kwa masikio: jua likishazama na baridi ikaanza kuingia, mabati ya nyumba hulia tak, tak, kwa sababu yanasinyaa baada ya kutanuka mchana kutwa. Tao la Sydney hutanuka vivyo hivyo, na kilele chake huweza kupanda au kushuka kwa kiasi cha sentimita 18 kutokana na mabadiliko ya joto. Pini zile ni bawaba. Tao huzunguka juu yake kidogo sana, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba zake, na hivyo kilele hupanda na kushuka bila kitu chochote kupasuka.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye utamu zaidi. Ujenzi wa tao ulianza tarehe 26 Oktoba 1928 kwa upande wa kusini, na upande wa kaskazini ukafuata. Kila nusu ilishikwa kwa nyuma na nyaya nene 128 za chuma, zilizofungwa kwenye sehemu ya juu ya tao na kuzungushwa ndani ya handaki lililochimbwa mwambani kwa umbo la kwato ya farasi, kisha zikarudi kufungwa upande wa pili wa tao. Mwamba ule ule ambao leo unasukumwa na tao, wakati ule ulikuwa unavutwa nalo. Juu ya kila nusu palikuwa na winchi kubwa iliyotambaa: inainua kipande kutoka kwenye tishari lililosimama majini, kipande kinafungwa, winchi inasogea mbele juu ya kipande hicho hicho ilichokifunga, kisha inainua kingine. Daraja lilikuwa jukwaa lake lenyewe.

Mwezi Agosti 1930 zile nusu mbili zilikuwa zimebakiza pengo la kama mita moja. Zikaanza kulegezwa nyaya, kidogo kidogo, upande huu na upande ule, ili nusu ziinamiane. Alasiri ya tarehe 19 Agosti chuma kiligusa chuma, lakini baridi ya jioni ilipoingia zikasinyaa na kuachana tena. Watu hawakwenda kulala. Saa nne usiku zikagusana kwa mara nyingine, na tangu usiku huo hazijaachana. Kuanzia hapo nyaya hazikuwa na kazi tena, kwa sababu kila nusu ilikuwa imempata wa kumwegemea. Winchi zikaanza kurudi nyuma kuelekea zilikotoka, zikining'iniza sakafu ya barabara chini ya tao kuanzia katikati kwenda pembeni.

Fundi Chuma wa Kizota

Salamu kwenu nyote. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kazi yangu ni mageti, madirisha na kenchi za chuma, na nimeyasoma maelezo ya Mhandisi mara mbili kwa furaha. Naomba kuongeza jambo moja ambalo watu wa kalamu hulipita haraka, nalo ni namna vipande vile vilivyoungwa.

Hakuna mahali Mhandisi aliposema "wakachomelea", na ni sahihi, kwa sababu daraja lile limeungwa kwa ribiti, takriban milioni 6, zote zikiwa zimepigwa na mikono ya watu. Kwa vijana ambao hawazijui, watazame sufuria kubwa la shughuli pale mkono wake unapoungana na mwili: kile kichwa cha mviringo cha msumari usio na ncha ndicho ribiti. Tofauti ni kwamba ribiti kubwa kuliko zote za daraja lile ilikuwa na urefu wa karibu sentimita 40 na uzito wa kilo 3.5. Nimeshika nyundo ya uzito unaokaribia huo, na ninawaambia kwamba kufanya kazi na kitu cha namna hiyo kikiwa chekundu kwa moto, ukiwa umesimama juu ya boriti na maji yako chini sana ya miguu yako, si jambo la kusimuliwa kwa haraka.

Kazi ilifanywa na kikosi cha watu wanne. Wa kwanza aliitwa mpishi, kwa sababu yeye ndiye aliyezipika ribiti kwenye tanuri hadi zikaiva. Ikishaiva aliikamata kwa koleo na kuirusha hewani kumfikia wa pili, aliyeidaka kwa ndoo. Akaiingiza kwenye tundu. Wa tatu aliishikilia kwa nyuma kwa nguvu zake zote, na wa nne, upande wa mbele, aliiponda ncha kwa nyundo ya upepo hadi ikafanya kichwa cha pili. Uzuri wa ribiti unakuja baada ya hapo, wakati hakuna mtu anayeigusa: inapopoa inasinyaa, na kwa kusinyaa inazibana zile bamba kwa nguvu ambayo nati ya kukazwa kwa mkono haiwezi kuifikia. Kwa hiyo baridi ile ile iliyoziachanisha nusu mbili za tao ile jioni, katika kila tundu ilikuwa inafanya kazi ya kukaza.

Kuchomelea kulikuwepo miaka ile, lakini hakukuwa kumeaminiwa kwa daraja la ukubwa huo. Namwelewa aliyekataa. Wakati nikijifunza kazi, niliwahi kuchomelea kiungo cha kenchi ya ghala moja nje ya mji, kikaonekana kizuri kwa juu, kumbe ndani kilikuwa hakijashika, na mzee aliyekuwa akinifundisha alikigonga kwa nyundo mara moja tu kikafunguka. Alinifanya nirudie viungo vyote vya siku ile. Ribiti iliyolegea unaweza kuijua kwa sauti ukiigonga. Kiungo kibaya cha kuchomelea kinaweza kukaa kimya miaka mingi.

Dada wa Kisasa

Habari za jioni. Nilisoma Sydney kwa miaka miwili kabla ya kurudi nyumbani, na kila siku nilivuka daraja hilo kwa treni, kwa hiyo nimeguswa kuona linajadiliwa huku kwetu kwa uzito wake.

Mwalimu, ukitaka kumwonyesha yule binti kwamba alikuwa sahihi, mtafutie picha zilizopigwa kutoka Dawes Point, upande wa kusini, chini kabisa. Pale kuna bustani ambapo unaweza kusimama karibu na mahali pa pini. Nilikwenda siku moja ya Jumapili nikitarajia kuona ukuta mkubwa wa mawe, nikakuta tao zima, lile linaloonekana jembamba kama utepe ukiwa mbali, limekusanyika na kuwa kitu kinene kinachoingia kwenye kiti chake cha chuma, na juu ya kiti hicho, kwa nyuma, mnara umesimama peke yake ukitazama. Treni ilipita juu. Nilisikia ngurumo yake kichwani, lakini pale chini palikuwa kimya kabisa.

Daraja lina urefu wa mita 1,149 ukijumlisha na njia za kupandia, na upana wa karibu mita 49. Lilipofunguliwa tarehe 19 Machi 1932 lilikuwa na reli mbili za treni upande mmoja na reli mbili za tramu upande mwingine, barabara ikiwa katikati. Tramu ziliondolewa mwaka 1958 na nafasi yake ikageuzwa kuwa barabara ya magari. Kabla ya kulifungua walilijaribu kwa kupanga juu yake injini za treni za mvuke zipatazo 96, moja nyuma ya nyingine, wakapima limeinama kiasi gani. Deni la ujenzi lilikuja kumalizika mwaka 1988, yaani waliokuwa watoto siku ya ufunguzi walikuwa tayari wazee.

Lakini kuna mambo mawili ambayo ningeomba wanafunzi wa Ihumwa wayasikie pamoja na hesabu za nguvu. La kwanza ni kwamba wafanyakazi 16 walikufa katika ujenzi ule. Watu wengi hudhani wote walianguka kutoka juu ya tao, kumbe wawili tu ndio walioanguka darajani. Wengine walikufa kwenye karakana, machimboni na kwenye kazi za njia za kupandia, mahali ambapo hakuna mpiga picha aliyekwenda. La pili ni kwamba mamia ya nyumba zilibomolewa ili kupisha njia, na waliokuwa wapangaji hawakulipwa fidia. Huko kaskazini mwa maji mitaa mizima ilitoweka. Sisi ambao tumeona alama ya X nyekundu ikichorwa kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, tunajua maana yake kwa aliyekuwa ndani.

Kijana wa Nkuhungu

Shikamooni wakubwa zangu. Nina swali fupi kwa Mhandisi. Kama tao ni imara kiasi hicho, kwa nini daraja letu la Kigongo–Busisi kule Ziwa Victoria halikujengwa kwa tao moja la chuma? Na je, Afrika tunalo daraja la namna hiyo?

Mhandisi wa Iyumbu

Marahaba, mdogo wangu. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa takriban kilomita 3. Bandari ya Sydney, mahali lilipo daraja, ni mlango wa maji wa nusu kilomita wenye mwamba pande zote mbili, na hapo tao moja linatosha. Huwezi kutupa tao moja kwa kilomita 3. Unapovuka ghuba pana huna budi kusimamisha nguzo majini, nyingi, kila moja na msingi wake, na ndivyo wahandisi walivyofanya kule Mwanza, wakaishikilia sehemu ya katikati kwa nyaya zinazoshuka kutoka kwenye nguzo fupi. Kila mahali pana daraja lake.

Na ndiyo, Afrika tunayo matao ya chuma, tena yana undugu na hilo la Sydney. Daraja la Maporomoko ya Victoria, kati ya Zambia na Zimbabwe, ni tao la chuma la mita 156.5 lililofunguliwa mwaka 1905. Lilijengwa kwa njia ile ile: nusu mbili kutoka kuta mbili za korongo, kila moja imevutwa kwa nyuma na nyaya zilizofungwa mwambani. Zilipokaribia kukutana, jua lilikuwa limezitanua kiasi kwamba vipande vya mwisho havikuingia. Wakasubiri. Asubuhi iliyofuata, tarehe 1 Aprili, chuma kikiwa kimepoa kwa ubaridi wa usiku, vikaingia mahali pake. Mmoja wa wahandisi vijana waliofanya kazi za kampuni iliyobuni daraja hilo aliitwa Ralph Freeman, na miaka ishirini na zaidi baadaye huyo ndiye aliyefanya hesabu za usanifu wa tao la Sydney, chini ya usimamizi wa mhandisi mkuu wa serikali, John Bradfield. Baadaye watu hao wawili waligombania nani aitwe mbunifu wake. Mimi naona lilihitaji wote wawili: Bradfield alilipigania kwa miaka mingi kabla ya koleo la kwanza kugusa udongo, na Freeman alihakikisha kwamba linasimama.

Freeman alirudi tena Afrika. Daraja la Birchenough juu ya mto Save, huko Zimbabwe, lililokamilika mwaka 1935, ni usanifu wake, na kampuni iliyolijenga ni ile ile iliyojenga la Sydney, Dorman Long ya Uingereza. Tao lake lina mita 329. Ukilitazama utadhani ni la Sydney lililopungua mwili, halina minara wala mapambo yoyote, na hapo jibu la Mwalimu linaonekana bila maelezo. Wazimbabwe walilichora kwenye sarafu yao ya senti 20.

Mwalimu, kwa ajili ya darasa nakushauri hivi. Chukua mbao mbili zenye urefu wa mita moja, uziunge juu kwa bawaba ya mlango, uzitanue kama kenchi juu ya sakafu laini ya saruji, kisha utundike ndoo pale juu. Usiwaambie kitu chochote kabla.

Mwalimu wa Ihumwa

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Leo nimerudi darasani, na jambo la kwanza nililofanya ni kusema mbele ya wanafunzi wote kwamba Jumanne niliwafundisha isivyo, na kwamba mwenzao ndiye aliyekuwa sahihi.

Kisha tulifanya kama Mhandisi alivyoelekeza. Seremala wa jirani alinipa mbao mbili na bawaba kuukuu. Tulipotundika ndoo tupu, mbao zilisimama. Tulipoanza kuijaza mchanga, kopo moja baada ya jingine, kwenye kopo la tano miguu ya mbao iliteleza kwenda nje na ndoo ikagonga sakafu. Nikawaita wanafunzi wawili, yule binti akiwa mmoja wao, wakakaa chini wakikabiliana, kila mmoja akaukingia mguu wa ubao kwa nyayo za viatu vyake. Tukajaza tena. Makopo matano, manane, kumi, na mbao hazikusogea. Wenzao wakapanga matofali mawili mawili pembeni kuwa minara, wakayaondoa, wakayarudisha, na ndoo haikutikisika kwa lolote kati ya hayo.

Kwenye kopo la kumi na mbili binti alikuwa ameshika sakafu kwa mikono yote miwili nyuma yake, magoti yamemkaza. Nilimuuliza anasikia nini. Akasema, "Mwalimu, linanisukuma, na kadiri mnavyoongeza huko juu ndivyo linavyozidi kunisukuma mimi huku chini." Mvulana aliyekaa upande wa pili akadakia kwamba yeye pia anasukumwa, na kwa nguvu ile ile.

Kengele ililia tukiwa bado tunabishana kama msukumo ungepungua endapo mbao zingesimamishwa wima zaidi. Alhamisi tutapima kwa mizani ya kamani, kwa mikao mitatu tofauti, na vipimo nitawaletea hapa hapa.